Mzee Elikana Apanga Begi Lake

Kwa miaka mingi mikono ya Elikana iliyajua mabegi ya watu kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa baharia kwenye boti ya kupeleka wageni Gombe, na kazi yake ilikuwa ileile kila safari: kupokea mizigo pale ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, kuipanga chini ya turubai isilowe, kisha kuishusha salama ufukweni kwenye hifadhi. Begi likimgusa bega tu, alishakwambia mwenye nalo ni mtu wa namna gani. Hili la mpiga picha, maana lina vyuma na halitaki kulalia ubavu. Hili la mama mwenye wasiwasi, kajaza dawa za dunia nzima. Hili la kijana anayesafiri mara ya kwanza, na chini kabisa kuna kitabu ambacho hatakifungua. Wenzake walicheka, naye akazidi kutia chumvi.

Mambo mawili hakuwahi kuwaambia. La kwanza, katika mabegi yote hayo hakuwahi kuona ndani ya hata moja. Begi la mgeni halifunguliwi na baharia, na Elikana alikuwa mtu wa heshima zake; alibahatisha kwa uzito na kwa sauti, basi. La pili lilimuuma zaidi. Hakuwahi kumwona sokwe.

Mtu wa Gungu, mtaani kwake, angeambiwa hilo angeapa kwamba anafanyiwa mzaha. Mtaani walimwita Baba Sokwe. Jirani akipata mgeni kutoka Tabora au Mwanza, jioni anamleta kwa Baba Sokwe asimuliwe habari za msituni. Elikana hakuwa mwongo. Aliwaeleza yale aliyoyasikia kwa waongozaji wa hifadhi, akianza na "Sokwe, bwana, ni mtu mwingine yule," halafu akawaacha wajaze wenyewe yaliyobaki. Lakini kila walipoaga na kwenda zao, alibaki barazani peke yake. Aliona aibu, na aibu hiyo ilizeeka pamoja naye.

Sababu ilikuwa nyepesi tu. Wageni wakishapanda mlimani na mwongozaji wao, boti haijilindi. Nahodha hujinyoosha kivulini, baharia hubaki macho. Ziwa likichafuka, yeye ndiye wa kuisukuma boti isigonge mawe. Likitulia, wapo nyani wa ufukweni, wezi waliokubuhu, wanaojua kufungua zipu. Ukweli ni kwamba wale nyani wameona ndani ya mabegi ya wageni mara nyingi kuliko Elikana. Kila mwaka alijiambia safari nyingine atamwomba mwenzake amshikie zamu apande. Safari nyingine ikawa nyingine, hadi kiuno kikamgomea akaacha kazi, na sokwe wamebaki kule juu.

Sasa, likizo ya Desemba, binti yake wa mwisho alikuja kutoka Kasulu anakofundisha shule ya msingi. Dainess hakuketi hata dakika moja. Alishika mkono wa baba yake pale barazani akamwamkia, na kabla marahaba haijamtoka vizuri yule mzee, akamwambia kwamba walimu wa shuleni kwao wamepanga safari ya Gombe, mmoja wao amepata udhuru, na nafasi yake ameandikwa Mzee Elikana.

"Kwenda kufanya nini?" Elikana aliuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Kuwaona sokwe, baba. Safari hii hubaki kwenye boti. Unapanda na sisi."

Mkewe, Rozalia, alikuwa ndani anapima kitambaa. Ni fundi cherehani, ana meza yake Mwanga sokoni, na siku ambazo haendi sokoni nyumba nzima hugeuka kiwanda. Alichungulia na futi yake shingoni.

"Na wewe mama? Nimwombe mwalimu mkuu, labda nafasi itapatikana," Dainess alisema.

"Mimi? Nipande mlima kumtazama mtu anayejikuna? Baba yako yupo, namtazama hapahapa."

Walicheka wote watatu, lakini Elikana alicheka kidogo. Aliingia chumbani akajifanya anatafuta miwani, akakaa kitandani peke yake, na machozi yakamtoka. Alikuwa amefurahi kiasi cha kuona haya kufurahi mbele za watu.

Asubuhi yake alikwenda Mwanga kununua vifaa vya safari. Rozalia alimwambia atangulie, yeye atamkuta. Hapo ndipo makosa yalipoanza, maana mtu aliyepima mabegi maisha yake yote kwa bega atachagua vitu kwa kipimo gani kingine? Katika akili ya Elikana, mgeni wa maana alikuwa mgeni wa mzigo mzito. Wale waliokuja na vimfuko vyepesi aliwaona watu wa kupita tu, hawajajiandaa. Naye hakutaka kuonekana hajajiandaa.

Kwa Feliksi, muuza viatu vya mitumba, alishika buti moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto, akafumba macho, akayapima kama mtu anayepima samaki wa mgebuka. Akachagua zito. Feliksi alimsifia, kwani kazi ya muuzaji ni nini?

"Haya ni ya chuma, mzee. Jiwe likikuangukia mguuni, jiwe ndilo litakalolia."

Kisha Elikana alinunua sufuria ndogo, tochi, kamba, chandarua, na sabuni ya mche. Alikuwa amerudi kwa Feliksi kuulizia darubini Dainess alipomfikia na mama yake. Binti aliyatazama yale mabuti, akayainua, akayarudisha chini taratibu.

"Baba, haya ni ya machimboni."

"Ni imara."

"Ni imara, ndiyo. Ila njia ya kule inapanda utafikiri ukuta, na mvua hizi ni utelezi mtupu. Ukiyavaa haya itabidi tukubebe."

Elikana alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Kubebwa ni kitu ambacho hakuwahi kukifikiria. Feliksi aliona biashara inataka kuharibika, akatoa haraka raba nyepesi zenye meno kwenye soli, za kijivu, zimevaliwa na mtu mwingine mpaka zikalainika. Elikana alizivaa akatembea hadi kwa muuza nyanya na kurudi. Miguu ilishukuru, ila yeye mwenyewe hakuridhika. Alijiona yupo pekupeku.

"Na soksi ndefu," Dainess aliendelea. "Suruali unaichomeka ndani ya soksi, siafu na kupe wasipate mlango. Nguo ziwe za rangi ya kupoa, si lile shati lako jekundu. Maji ya kunywa. Kofia. Barakoa ninazo mimi. Basi."

"Basi?"

"Basi, baba. Tunakwenda asubuhi tunarudi jioni. Sufuria ya nini?"

"Mvua ikitukamata je? Boti ikiharibika je?"

Rozalia aliingilia kati kwa kuichukua ile sufuria akaitia kwenye kikapu chake mwenyewe, akasema ni nzuri, ilikuwa inahitajika jikoni. Chandarua nacho kikaingia humo. Mzee alitazama safari yake ikihamia kwenye kikapu cha mkewe kitu kimoja kimoja, na ingawa alinung'unika, hakuweza kubisha. Hawa wawili walisema kweli, na yeye alilijua hilo.

Lakini kwenye koti hakukubali.

Lilikuwa limening'inia hapohapo kwa Feliksi, mwisho kabisa wa safu ya nguo, koti la mvua la kijani kibichi kilichofifia, refu, lenye mifuko mingi na kofia yake nyuma. Elikana alilitambua papo hapo. Si lenyewe, bali ndugu yake. Zamani alikuwapo mgeni mmoja, mzee wa Kizungu mwenye ndevu, aliyekuwa akija karibu kila mwaka. Siku moja mvua iliwakuta katikati ya ziwa, kila mtu akajikunyata chini ya turubai, na yule mzee akabaki amesimama mbele ya boti ndani ya koti lake, anatazama milima, mkavu kama yupo sebuleni kwake. Elikana, fulana imemganda mwilini, alimtazama yule mtu na kuwaza kwamba huo ndio uungwana. Picha hiyo hakuisahau.

Rozalia aliligeuza koti ndani nje. Kwa fundi, nguo husomwa upande wa ndani.

"Baba Dainess, hili limekufa. Tazama utando wake unavyobanduka. Maji yatapita humu kama chujio la chai."

"Nje ni zima."

"Wewe utakaa ndani ya koti au nje ya koti? Chukua lile la nailoni pale, baya lakini zima."

Lile la nailoni lilikuwa la bluu na jepesi kama mfuko mtupu wa sukari. Elikana aliligusa kwa kidole akaliacha. Akasema amekubali raba, amekubali kuachana na sufuria, amekubali kwenda safari na kibegi ambacho hata mtoto wa chekechea angekidharau, lakini koti atachagua mwenyewe. Alisema kwa sauti ambayo Rozalia aliijua, ile ambayo haijadiliwi. Koti likanunuliwa.

Siku mbili kabla ya safari, mawingu yalipanda kutoka upande wa Kongo. Elikana aliyaona yakivuka ziwa akaona nafasi imepatikana ya kuwanyamazisha wanawake wa nyumba yake. Alilivaa koti, akavuta kofia, akatoka akasimama katikati ya uwanja. Mvua ikaja. Si mvua ya kunyunyiza, ni ile ya Kigoma inayokuja imeshika kiuno. Majirani walichungulia madirishani. Mmoja alipaza sauti: "Baba Sokwe, unaoga?"

"Najaribu vifaa!" alijibu.

Rozalia alikuwa barazani. Aliona kabla hajaambiwa, maana mabega ya koti yalishabadilika rangi.

"Ingia ndani, baba Dainess! Koti limeshindwa!"

"Kavu kabisa!"

Wakati anasema hivyo maji yalikuwa yameshapita shingoni, yameteremka uti wa mgongo, yanaingia kwenye suruali. Alihisi baridi hadi kwenye meno. Mtu mwingine angecheka, akaingia ndani, akapewa chai. Elikana alikaa palepale. Majirani wanatazama, mkewe anatazama, na yeye ameshasema ni kavu, angerudije nyuma? Alijikaza kisabuni hadi tone la mwisho, akaingia ndani akitembea polepole, akalitundika koti msumarini, na dimbwi likajaa chini yake. Rozalia alimletea taulo na nguo kavu, akaweka ndoo chini ya koti.

Kesho yake alianza kupiga chafya. Jioni kifua kikakaza. Usiku ukapita, na alfajiri ya safari akaamka na kikohozi kikavu, kifupi, kinachokuja bila kubisha hodi.

Rozalia alimchemshia tangawizi akaitia asali na ndimu. Dainess alimtazama akinywa, uso umemkunjamana kwa wasiwasi. Yeye ndiye aliyewasomea walimu wenzake maelekezo ya hifadhi: mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwakaribia sokwe. Alikuwa ameyasoma kwa sauti mbele ya watu wote. Sasa alikuwa anatafuta namna ya kuyasahau.

"Kinapungua, baba?"

"Ego, ego," Elikana alijibu kwa Kiha, ndiyo, ndiyo, kama alivyozoea kufanya anapotaka mazungumzo yaishe.

Na kweli kilipungua. Asubuhi hiyo, kabla ya kuondoka, alipanga begi lake. Lilikuwa jambo la ajabu kwake. Aliweka chupa ya maji, akaitoa, akaiweka ubavuni ili lisimlemee upande mmoja. Aliweka soksi za akiba, taulo dogo, mihogo ya kuchemsha ambayo Rozalia aliifunga kwenye mfuko, na lile koti la nailoni la bluu, ambalo mkewe alikuwa amerudi kulinunua kimya kimya bila kumwambia. Alipolikuta juu ya kitanda limekunjwa, alilikunjua akalikunja upya. Kisha akalitia ndani, akavuta zipu, akalitundika begi begani. Lilikuwa jepesi. Kwa mara ya kwanza alibeba begi analojua kila kilichomo.

Pale Kibirizi mabaharia wapya walimwamkia, na mmoja akanyoosha mkono ampokee mzigo. Elikana akakataa, kisha akafikiri, akampa. Alitaka kujua inakuwaje. Aliketi na walimu kwenye benchi, magoti pamoja kama mgeni, na boti ikaondoka. Ziwa lilikuwa limelala. Milima ilipita upande wa kulia, vijiji vikapita, dagaa wameanikwa mchangani, na Elikana hakukohoa hata mara moja. Dainess alihamia karibu naye akamnong'oneza sikioni.

"Baba, wakiuliza, si ugonjwa. Ni vumbi tu la nyumbani. Na utavaa barakoa. Utakaa nyuma kabisa, mbali."

Elikana alimwangalia binti yake, mwalimu wa watu, mtoto ambaye kwa uongo mdogo tu alikuwa akimchapa utotoni, na akaona jinsi anavyompenda. Alitaka kumwambia, lakini injini ilikuwa inapiga kelele.

Walishuka ufukweni. Mwongozaji aliyewapokea aliitwa Wema, dada mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye Elikana alimfahamu tangu anaanza kazi.

"Shikamoo Mzee Elikana! Leo umekuja kwa mlango wa mbele!"

"Marahaba, Wema. Leo mimi ni mgeni wako."

Wema alifurahi kweli. Aliwapanga wote, akawaeleza namna ya kutembea, kutonyoosha kidole, kutokula mbele ya sokwe, kuacha nafasi. Alisema sokwe wapo karibu leo, wafuatiliaji waliopanda alfajiri wamewasikia. Halafu akauliza lile swali, kwa kawaida tu, kama anavyouliza kila siku: kuna yeyote mwenye mafua, kikohozi, homa?

Walimu walitikisa vichwa. Dainess alitazama mchanga.

Koo la Elikana lilikuwa limetulia. Hapakuwa na mtu aliyemsikia. Angenyamaza, angepanda, na ile aibu ya miaka yote ingeishia mlimani. Hakuwa na uhakika wa nafasi nyingine. Kiuno kilikuwa kinampa onyo hata kwa kushuka kwenye boti. Alitaka kwenda.

Lakini mahali hapo alikuwa amewahi kumwona mwanamke mmoja. Mgeni kutoka mbali sana, sauti imemkauka, aliyeulizwa swali hilohilo akanyanyua mkono mwenyewe. Alirudi akaketi karibu na boti akalia, na Elikana alimletea chai kwenye kikombe cha bati, huku moyoni akimshangaa: mtu anapanda ndege mbili tatu, halafu anajifungia mlango mwenyewe kwa ajili ya wanyama? Wenzake walimweleza baadaye kwamba mafua yetu yakiwapata sokwe yanaweza kuwaua, mama na mtoto, na hakuna wa kuwapa tangawizi. Aliitikia wakati ule kama mtu anayeitikia habari za nchi nyingine.

"Mimi," Elikana alisema.

Wema hakuelewa. "Wewe nini, mzee?"

"Mimi nina kikohozi. Tangu jana. Leo kimetulia kwa sababu ya dawa, lakini kipo."

Walimu wote waligeuka. Dainess alisema, "Baba!" kwa sauti ya kitoto. Wema alimshika mzee mkono. Hakumpa pole nyingi, na Elikana alimshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Asante, mzee. Najua umetoka mbali."

"Nimetoka Gungu," alisema Elikana, na watu wakacheka, na kile kicheko kikamsaidia kusimama.

Dainess alisema naye atabaki. Elikana alikataa. Alikataa mara ya pili kwa ukali. Akavua begi lake begani, akalitazama, akamvika binti yake mgongoni na kumkazia mikanda kama alivyokuwa akimfanyia siku za shule.

"Maji yapo ubavuni. Kuna koti la mama yako, zima. Kama mimi sifiki, begi langu lifike."

Akabaki anatazama mpaka msitu ukawafunika. Hapo ndipo kikohozi kikamrudia, kikamkunja, kikamtoa machozi, na safari hii hakujua ni kikohozi peke yake au ni uchungu. Akamlaani Feliksi. Akajilaani mwenyewe na kiburi chake cha kusimama mvuani ili majirani waone. Alilia kwa sauti ndogo, mtu mzima, ameupa mlima mgongo. Kisha nyani wawili wakatokea wanainyemelea boti, na vijana wa boti wamesinzia. Elikana akanyanyuka, akaokota fimbo, akaenda kusimama pale alipozoea kusimama.

Jua lilikuwa limeshainama upande wa Kongo aliposikia nyayo. Walimu walitoka msituni mmoja mmoja. Dainess alikuja wa mwisho, suruali imejaa matope hadi magotini. Alipofika kwa baba yake alivua begi akaliweka chini taratibu.

"Hatukuwaona, baba," alisema bila kumtazama. "Walihama. Tumezunguka bure tu."

Elikana alimtazama. Akawatazama na wale wengine, waliokuwa wameketi kwenye mawe, hakuna anayesema, kila mmoja na lake. Akatabasamu.

"Dainess, mwanangu. Watu wasiowaona sokwe hushuka na kelele. Wanalalamika njaa, wanalalamika njia, wanamlaumu mwongozaji. Mimi nimewapokea hapa miaka yote. Waliowaona hushuka hivi mlivyoshuka ninyi." Akagonga ubao wa boti kando yake. "Usinionee huruma. Kaa hapa."

Dainess alikaa. Machozi yakamshuka mashavuni pamoja na matope. Akafuta kwa kiganja, akavuta pumzi aanze kusimulia, ila hakujua aanzie wapi, maana yalikuwa mengi. Baba yake ndiye aliyemwanzishia. Aliuliza kama watu wanavyouliza kwao wanapopata habari za nyumba ambayo hawakuweza kuitembelea.

"Wazima?"

"Wazima, baba."

"Na watoto wao?"

"Wazima wote."

"Ahaa," alisema Elikana, na kifua chake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kikamwachia. "Haya, niambie."